Niambie Inaishaje: Nilivyojifunza Kuchagua Betri za Maiki Zisizo na Waya

Ilikuwa dakika ya 41 ya kipindi cha saa nzima, tukiwa hewani moja kwa moja, na mgeni wetu alikuwa amefika mahali alipokuwa akipakwepa tangu tumeanza. Alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe. Mtangazaji alimngoja kwa subira, hakumsukuma. Yule mama akavuta pumzi, akasema, "Usiku ule nilipopigiwa simu..." na hapo sauti ikakatika. Haikukwaruza wala kufifia. Kwenye skrini mbele yangu midomo yake ilikuwa bado inacheza, huku mita ya chaneli yake kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, imelala chini kabisa.

Nilipandisha maiki ya mtangazaji ili inase sauti ya mgeni kwa mbali, nikamwita msimamizi wa studio kwenye kisikilizio, naye akakimbiza maiki ya mkono. Zilipita kama sekunde 20, labda 25. Mama yule alipoipokea aliitazama ile maiki, akamtazama mtangazaji, akauliza kwa upole, "Samahani mwanangu, nilikuwa nasema nini?" Hakurudi tena pale alipokuwa. Alimaliza kipindi kwa maneno ya jumla, akashukuru, akaondoka.

Ukimya wa sekunde 20 hewani unasameheka, wasikilizaji husahau. Ila sentensi ile haikuwahi kumaliziwa, na kilichoikata ni betri mbili za AA nilizoziweka kwa mikono yangu mwenyewe chini ya saa mbili kabla. Naandika haya kwa ajili ya fundi sauti ambaye bado betri kwake ni kitu cha kuchukua tu kwenye droo, kama nilivyokuwa mimi.

Mkurugenzi wa kipindi aliniuliza swali moja tu tulipotoka hewani: "Ulibadilisha betri?" Nikamjibu, "Ndiyo, dada, nilibadilisha." Sikumdanganya. Nilitoa zilizokuwemo nikaweka nyingine mbili za kuchaji. Lakini kama angeniuliza zilichajiwa lini, na kwa chaja ipi, na kama zile mbili zilikuwa na umri mmoja, nisingekuwa na jibu. Nilijua tu kwamba zilitoka upande wa droo tulioandika "zimejaa".

Nilipofuatilia baadaye niligundua kwamba zilikuwa zimekaa humo karibu wiki tatu. Betri za kuchaji za aina ya nikeli, zile za kawaida zilizotangulia, hupoteza chaji hata zikiwa zimelala. Kwa mwezi mmoja zinaweza kupoteza robo ya chaji au zaidi, na joto likiwa kali hupoteza haraka zaidi. Droo yetu ilikuwa chini ya rafu ya vikuza sauti vinavyopata moto siku nzima. Kwa hiyo betri zilizoandikwa "zimejaa" hazikuwa zimejaa.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo, kwa sababu lilikuwa limejificha kwenye mazoea. Transmita ile ya kuvaa kiunoni, kifaa kinachorusha sauti ya maiki kwa mawimbi, ina alama ya betri yenye vipande vitatu. Tangu tulipoanza kutumia betri za kuchaji, alama ile ilikuwa ikionyesha vipande viwili karibu kipindi chote. Mwanzoni ilitutia wasiwasi, kisha tukazoea. Viwili maana yake salama, ndivyo tulivyoambiana. Kumbe menyu ya transmita ilikuwa imebaki kwenye betri za alkalaini, zile za kawaida za kutupa, ambazo mpya husoma karibu volti 1.6 na kushuka taratibu. Betri ya nikeli huishi karibu na volti 1.2 sehemu kubwa ya maisha yake. Kifaa kilikuwa kinapima kitu kimoja kwa rula ya kitu kingine, na vile vipande viwili havikutuambia lolote kuhusu muda uliobaki. Siku ile vilikaa viwili hadi sekunde ya mwisho.

Kama una transmita mkononi sasa hivi, fungua menyu uangalie kama kuna mahali pa kuchagua aina ya betri. Nyingi za kisasa zinapo. Ni jambo la nusu dakika, na sisi hatukulifanya kwa miezi mingi.

Baada ya aibu ile nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nikalaumu chapa. Nikanunua betri nyingine za kuchaji, safari hii zenye namba kubwa zaidi ya mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) niliyoiona, nikiamini kwamba namba kubwa ndiyo uhakika. Nikanunua na chaja ya haraka inayochaji betri mbili mbili. Bajeti ya betri ya miezi minne ilikwenda hapo, na niliomba fedha hiyo nikiahidi kwamba tatizo halitarudi.

Lilirudi ndani ya miezi miwili, katika mazoezi, namshukuru Mungu, si hewani. Betri za nikeli zenye ujazo mkubwa kabisa zina gharama zake ambazo sanduku haliziandiki kwa herufi kubwa. Mara nyingi huchoka baada ya kuchajiwa mara chache zaidi kuliko zile za ujazo wa wastani. Zangu zilikuwa pia zinavuja chaji zikilala, na zilikuwa nene kidogo kiasi kwamba ziliingia kwa shida na kutoka kwa kubanduliwa kwa kucha. Springi za transmita moja zilipinda kwa sababu hiyo. Ile chaja nayo ilikuwa inazihesabu betri mbili kama moja. Moja ikiwa imebaki nusu na nyingine imekwisha, ile ya nusu hujaa kwanza na kuendelea kupikwa, huku mwenzake akiwa hajafika. Nilikuwa nazitoa za moto kiasi cha kushindwa kuzishika, na nikidhani joto lile ni dalili ya kujaa vizuri.

Aliyenitoa gizani ni fundi mzee aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, ambaye alikuwa amekuja kutusaidia kwenye matangazo makubwa ya nje. Nilimsimulia yote, kisha nikamuuliza, "Mzee, betri ipi inadumu zaidi?" Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hilo swali la tochi. Sisi tunauliza inaishaje. Niambie betri yako inakufa vipi, nami nitakuambia kama unaweza kuipeleka hewani." Akaniambia nisimwamini yeye wala sanduku, nikae nizitazame zikifa mwenyewe.

Nilikaa. Jioni kadhaa baada ya kazi nilibaki studio na transmita ile ile iliyoniangusha, maltimita ya kupimia volti, daftari na saa. Niliweka redio ndogo ikiongea mbele ya maiki, nikaacha mlango wa betri wazi, na kila robo saa nikapima volti ya kila betri bila kuzima kifaa. Ni kazi ya kuchosha. Sijafanya kazi nyingine iliyonifunza zaidi ya hiyo.

Alkalaini zilianza karibu na volti 1.6 kila moja. Zikashuka upesi hadi 1.4 na kitu, kisha zikateremka polepole, saa baada ya saa, bila kutulia popote. Karibu na 1.1 transmita ilianza kupepesa taa ya onyo, na kutoka onyo hadi kuzimika kulikuwa na muda wa kutosha wa mtu kumaliza mazungumzo na kwenda mapumzikoni. Hicho ni kifo cha mteremko. Unakiona kinakuja.

Nikeli zilinishangaza. Zikitoka kwenye chaja zilisoma volti 1.4, baada ya dakika chache zikawa 1.3, kisha zikatulia karibu na 1.25 na kukaa hapo. Nilikuwa naandika namba ile ile mstari baada ya mstari hadi nikashuku maltimita. Kisha, pasipo onyo la maana, zikaporomoka. Kutoka 1.2 hadi transmita kuzimika hakukufika hata robo saa yangu moja ya kupima. Uwanda mrefu, halafu poromoko. Nikakiona kipindi cha yule mama kimechorwa kwenye daftari langu.

Lithiamu za kutupa, zile za AA za volti 1.5, zilisoma zaidi ya 1.7 kabla ya kuwekwa, zikashuka na kutulia karibu na 1.5, zikaenda muda mrefu kuliko zote, nazo mwishoni zikaanguka ghafla kama nikeli. Ni nyepesi pia, karibu gramu 15 wakati alkalaini huwa karibu 23. Kwa maiki iliyobanwa kwenye gauni jepesi, gramu hizo zina maana kuliko unavyodhani.

Kuna sababu ya mwisho wa betri kwenda mbio kiasi hicho. Ndani ya transmita nyingi kuna saketi inayopandisha volti ya betri hadi kiwango ambacho kifaa kinakihitaji. Saketi hiyo hutaka nguvu ile ile wakati wote, kwa hiyo volti ikipungua yenyewe hufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi. Betri iliyochoka ndiyo inayodaiwa zaidi. Ongeza hapo nguvu ya kurusha mawimbi: transmita nyingi hukuruhusu kuchagua, tuseme miliwati 10, 30 au 50, na kila unapopanda betri hulipa. Nilikuwa naacha kiwango cha juu kabisa kwenye studio ambamo antena ilikuwa hatua sita kutoka kwa mgeni. Kukiteremsha tu kuliniongezea muda bila kununua chochote.

Katika kupima huko nilijifunza pia kwamba maltimita hudanganya ukiitumia vibaya. Alkalaini iliyozimisha transmita, ukiitoa na kuilaza nusu saa, hujikusanya na kusoma volti 1.3 au hata zaidi. Mtu anayepima betri ikiwa imepumzika ataiona ya kufaa, ataiweka tena, nayo itakufa dakika chache baada ya kipindi kuanza. Ninaamini hivi ndivyo betri nusu-mfu zilivyokuwa zinarudi kwenye droo yetu. Betri ipimwe ikiwa inafanya kazi. Ukiwa na rezista ya omu 10, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo, iunganishe kwenye ncha mbili za betri huku ukipima. Itavuta kama miliampea 150, karibu na mzigo wa maiki halisi. Betri nzima hushuka kidogo na kusimama, na iliyochoka huendelea kuzama mbele ya macho yako. Sekunde 10 zinatosha, usiiache hapo.

Wapo wanaodondosha betri mezani ili waone kama inaruka. Nami nilifundishwa hivyo. Alkalaini ikitumika, zinki iliyo ndani hugeuka polepole kuwa oksidi na kuifanya iruke zaidi, hiyo ni kweli. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipolichunguza jambo hili mwaka 2015 waliona kwamba mruko hufikia kilele betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Betri inayoruka si lazima iwe imekufa. Imeshatumika, basi. Kwangu mimi hiyo inatosha kuiondoa kwenye kundi la hewani, ila haitoshi kuitupa.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kuchagua. Niligawa kazi zetu kwa jinsi zinavyokwenda, si kwa jinsi betri zinavyosifiwa.

Kwa kipindi cha kila siku cha studio nilihamia kwenye nikeli za aina inayotunza chaji ikilala. Hizi zilianza kujulikana mwaka 2005 Sanyo ilipotoa eneloop, na sasa watengenezaji kadhaa wanazo. Ujazo wake ni wa wastani, karibu mAh 2,000, na namba hiyo ndiyo iliyonifanya nizidharau mwanzoni. Lakini betri ya 2,000 ambayo wiki tatu baadaye bado ina karibu chaji yake yote inaishinda ya 2,700 ambayo hujui imebakiwa na nini. Ukikutana na AA ya nikeli inayotangaza mAh 3,500 au 4,000, iache hapo hapo. Ndani ya umbo lile hakuna nafasi ya kiasi hicho.

Kwa kipindi kimoja kikubwa, mgeni mmoja, hakuna mapumziko ya kumfikia, naweka alkalaini mpya kutoka pakiti niliyoifungua mwenyewe siku hiyo. Natumia zile za viwandani zinazouzwa kwa sanduku, kama Procell za Duracell, kwa sababu moja hasa: betri zote za sanduku moja zina tarehe moja. Si kwamba ndani kuna maajabu. Ninachokitaka ni kwamba ile ya 24 iwe ndugu wa ile ya kwanza.

Kwa matangazo ya nje, hasa alfajiri kwenye baridi, naweka lithiamu. Hili nililipata kwa tabu. Tulikuwa kwenye mbio za nyika, tumeweka alkalaini mpya kabisa, na mwanzoni mwa saa ya pili transmita mbili zilianza kupepesa onyo. Baridi hupunguza kasi ya kemia ya alkalaini. Betri haijaisha, ila haiwezi kutoa chaji yake kwa haraka inayotakiwa. Tulizitoa, tukazipasha moto kwenye viganja, tukaweka nyingine zilizokuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, na tukavuka hivyo hivyo. Lithiamu za AA hufanya kazi hata kwenye nyuzi joto 40 chini ya sifuri, kiwango ambacho sitakifikia maishani, lakini nafasi hiyo ndiyo ninayoilipia. Na kwa kuwa zina poromoko mwishoni, sisubiri onyo. Naziondoa kwa saa.

Kwa kweli nazitoa zote kwa saa sasa. Nilichukua muda mfupi kabisa niliouona kwenye majaribio yangu kwa kila aina ya betri na kila transmita, nikaugawa kwa mbili, na hapo ndipo ninapobadilisha. Transmita iliyonipa saa saba katika jaribio lake baya kuliko yote, baada ya saa tatu na nusu betri zinatoka. Mhasibu wetu aliniita kwa ajili ya hili. Alikuwa na haki, alikuwa anaona sanduku baada ya sanduku la alkalaini zikitumika nusu. Tulikaa tukapiga hesabu kwa saa za hewani badala ya kwa betri, na nikamwonyesha ndoo mbili: moja ya zilizokwisha kweli, nyingine ya zilizotumika nusu ambazo huenda kwenye mazoezi, saa za ukutani, tochi na rimoti. Ndoo ya pili haimwagwi. Hata hivyo sitaficha kwamba mwaka wa kwanza tulitumia zaidi kuliko zamani. Chaja nzuri na jozi za kutosha za nikeli zililipia gharama yake ndani ya mwaka huo kwenye kipindi cha kila siku, lakini kwa matangazo makubwa bado tunalipa, na sitafuti njia ya kupunguza hapo.

Kuhusu chaja nitasema kirefu kidogo, kwa sababu niliua betri nyingi zaidi kwenye chaja kuliko kwenye transmita. Tafuta inayoshughulikia kila betri peke yake, yenye taa au kioo chake kwa kila nafasi. Chaja yenye akili hutambua betri ya nikeli imejaa kwa kuona volti yake ikishuka kidogo sana mwishoni. Mkondo ukiwa mdogo mno dalili hiyo haionekani, na chaja huendelea kupita kiasi. Ukiwa mkubwa mno, betri huungua. Kwa betri za 2,000 nachaji kwa karibu miliampea 500 usiku, kwa muda wa saa nne hadi tano hivi, na asubuhi zinatoka zikiwa vuguvugu au baridi kabisa. Chaja yangu ya sasa inaweza pia kumaliza betri na kuijaza upya huku ikihesabu chaji iliyotoka. Kila baada ya miezi mitatu kila jozi hupita humo na namba yake inaandikwa.

Jozi. Hili ni neno ambalo sikuwa nalo. Betri mbili zinazoingia kwenye transmita moja lazima ziwe zimeishi maisha mamoja. Ukichanganya nzima na iliyochoka, iliyochoka humalizika kwanza na mwenzake huendelea kusukuma mkondo ndani yake hadi inageuzwa chanya na hasi. Ya kuchaji huharibika, na ya kutupa huvuja. Sasa kila betri ya kuchaji ina namba yake na herufi, 4A na 4B, na hazitenganishwi. Namba iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika. Nilianza kwa kubandika utepe, na unene wa utepe ulizifanya mbili zikwame ndani ya maiki ya mkono siku ya kazi.

Kuvuja nako nimekuonja. Tulirudi kutoka mapumziko marefu tukakuta transmita moja ina unga mweupe kwenye springi. Unga ule hutokana na potasi kali iliyomo ndani ya alkalaini, kwa hiyo tindikali hafifu huumaliza: kijiti cha pamba chenye siki au maji ya limau, kisha spiriti safi ya kusafishia vifaa, kisha kukausha vizuri. Vaa glavu, na usiguse macho. Transmita ile ilipona lakini springi moja haikurudia mng'ao wake, na kwa wiki kadhaa mgeni akisogea ghafla tulisikia mtikisiko mdogo hewani. Tulidhani ni masafa yanaingiliwa. Tulihamisha masafa mara mbili. Kilikuwa kiungo kichafu cha betri. Sasa vifaa vinavyokwenda kulala vinalala tumbo tupu, bila betri, na ncha zote hufutwa kila mwezi.

Vifaa vya betri ya volti 9 vina mtego wake. Betri ya kuchaji ya nikeli yenye umbo hilo huundwa kwa seli za volti 1.2, kwa hiyo yenye seli saba hufika 8.4, na za zamani zenye seli sita zilikuwa 7.2 tu. Maiki yako inaweza kuiona kama betri iliyochoka tangu mwanzo. Ujazo wake nao ni mdogo sana, mAh 200 na kitu, ukilinganisha na 500 hivi za alkalaini. Kwa maiki za namna hiyo nilirudi kwenye alkalaini mpya kwa kila kipindi. Na usibebe betri ya volti 9 mfukoni pamoja na funguo. Ncha zake mbili ziko upande mmoja, zikiunganishwa na chuma hupata moto wa kuunguza nguo. Acha kofia yake ya plastiki au funika ncha kwa utepe.

Ukinunua, soma herufi ndogo. LR6 ni AA ya alkalaini, R6 bila L ni ya kaboni na zinki, FR6 ni lithiamu, HR6 ni nikeli ya kuchaji. Sanduku linaweza kukuambia kwa maneno makubwa kwamba betri ina nguvu za ajabu, huku herufi zikisema R6. Hiyo haifai maiki. Tuliwahi kuletewa mzigo wa betri zenye jina kubwa kwa bei iliyotufurahisha, na mzani wa jikoni ndio uliotuamsha: zilikuwa nyepesi mno kwa alkalaini, gramu 17 hivi. Tulipozitazama tena tarehe ilikuwa imechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole. Hazikuonja hewa.

Siku hizi kuna AA za kuchaji za lithiamu-ioni zinazotoa volti 1.5 bila kupungua hadi zinapokatika. Vijana wa kazini wamezipenda, na kwa kamera na taa sina neno. Kwa maiki nimezikataa kwa sasa, kwa sababu mbili. Alama ya betri itaonyesha kujaa hadi sekunde inapozima, yaani poromoko bila hata mteremko wa kukuonya. Na ndani zina saketi ndogo inayowasha na kuzima mkondo kwa kasi kubwa sana ili kushusha volti. Kelele zake zinaweza kuingia kwenye sauti au kwenye mawimbi. Tulijaribu jozi moja tukasikia mluzi mwembamba maiki ilipokuwa kimya. Huenda nyingine ni tulivu. Kama unataka kuzitumia, zisikilize kwa visikilizio ndani ya chumba kimya, transmita yenyewe ikiwa imewashwa.

Betri za mtengenezaji wa maiki ni suala tofauti. Shure, kwa mfano, wana SB900 ya lithiamu-ioni ambayo huzungumza na transmita, na risiva, kifaa kinachopokea mawimbi yake, ikakuonyesha muda uliobaki kwa saa na dakika. Nimefanya kazi nayo kwenye vifaa vya kukodi na nilitulia moyo kuliko nilivyowahi. Gharama yake ni kwamba umefungwa kwenye betri na chaja za mahali pamoja, na ukiwa mbali na chaja huna pa kukimbilia. Hakikisha kifaa chako kinakubali pia AA za kawaida, ubaki na mlango wa nyuma. Ukisafiri kwa ndege, lithiamu-ioni za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Miezi michache baada ya haya yote nilimwandikia yule mama. Nilimweleza kwa maneno mepesi kwamba sauti yake ilikatika kwa kosa langu, si la mtambo, na kwamba sikuwa nimemwomba radhi siku ile. Alinijibu kwa wema. Hakutaka kurudi kwenye kipindi, na hakuna aliyemshurutisha.

Daftari bado liko juu ya chaja. Ukurasa wa wiki hii unaonyesha jozi 16, ambazo kati ya hizo 14 ziko kazini. Jozi ya 4 ilitoa mAh 1,480 kwa A na 1,710 kwa B. Nimechora mstari juu yake na kuipeleka kwenye saa ya ukutani ya chumba cha habari. Jozi ya 9 nimeiwekea alama ya kuuliza, na Jumatatu inaingia tena kwenye kipimo.